Mashine Isiyoyajua Maji Yake

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Mgeni akija kwetu Katwe hakosi kuoneshwa vitu viwili: ziwa la chumvi, na kiwanda kilichokufa. Kiwanda hicho kilijengwa kati ya miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980 kwa mitambo iliyotoka Ulaya. Hakikufanya kazi muda mrefu. Maji ya ziwa letu ni makali, yakayala mabomba, na mitambo ikasimama. Mpaka leo imesimama pale ikiota kutu, na hatua chache kutoka hapo mama zetu bado wanavuna chumvi kwa mikono katika viwanja vyao, kama walivyofanya bibi zao.

Nilipokuwa mtoto nilidhani kiwanda kilikufa kwa bahati mbaya. Nilielewa nilipofika chuoni na kuanza kusoma uhandisi wa vifaa vya tiba. Waliokijenga waliijua mashine, lakini hawakuyajua maji. Katika somo hili nataka tuitazame hospitali kwa jicho hilohilo: kwa nini vifaa vingi vinakufa wodini kama kilivyokufa kiwanda chetu, na kijana Mwislamu aliyeko chuoni, awe anasoma udaktari, uhandisi, biashara au sheria, anaweza kufanya nini.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Sote tulifundishwa madrasa tofauti ya fardhi aini na fardhi kifaya. Fardhi kifaya ni ile ambayo wakiitekeleza baadhi ya watu, wengine husamehewa. Asipopatikana wa kuitekeleza, umma wote unabeba dhambi. Mfano tuliozoea kupewa ni sala ya maiti. Lakini Imam Ghazali, katika Ihya, anautaja udaktari kuwa fardhi kifaya. Tena analalamika kwamba katika miji ya zama zake watu walikuwa wakisongamana kwenye elimu ya fiqhi na mabishano yake, huku mji mzima ukikosa tabibu Mwislamu. Ukisoma malalamiko hayo unaweza kudhani anazungumza juu ya mabweni yetu.

Tabibu hawezi kufanya kazi kwa mikono mitupu. Abul Qasim al-Zahrawi wa Andalusia alilijua hilo. Alikamilisha kitabu chake kikubwa cha tiba karibu na mwaka 1000, na katika sehemu ya mwisho, inayohusu upasuaji, alichora vifaa karibu 200: visu, koleo, ndoana, vyombo vya kung'olea meno na vya kumsaidia mama anayejifungua. Hakuishia kuchora. Alieleza kila kifaa kinatumika wapi na vipi, ili fundi wa mji mwingine aweze kukitengeneza na tabibu wa mji huo aweze kukitumia bila kumdhuru mtu. Mchoro pamoja na maelezo ya matumizi ndivyo tunavyodaiwa na wahadhiri wetu hadi leo.

Mtume (s.a.w.) alitufundisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuleta maradhi ila ameleta na dawa yake. Wanachuoni wameeleza kuwa ndani ya mafundisho hayo mna amri ya kutafuta. Anayejua kuwa dawa ipo, kisha akaketi, hana udhuru.

Sista na swali lake

Likizo ya mwaka wa pili tulikwenda wanafunzi wanne katika hospitali moja ya upande wa kwetu. Sitaitaja, kwa sababu niliyoyaona pale yanaonekana katika hospitali nyingi. Tulikuwa na wazo letu tayari: programu ya simu ya kumwonesha daktari joto la kiotamizi cha watoto njiti popote alipo. Tulikuwa tumechora hadi nembo.

Msimamizi wa wodi ya watoto alikuwa sista mmoja mtu mzima. Na mama wa hapa alizungumza Kikonzo, na mama aliyevuka mpaka wa Mpondwe kutoka Kongo akamgeuzia Kiswahili. Alitusikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Wanangu, na umeme ukikatika?"

Tukajibu kwamba simu ina betri.

"Simu ina betri. Kiotamizi je?"

Hatukuwa na jibu. Akachukua ufunguo, akatupeleka stoo. Tulikuta mashine kumi na moja zimefunikwa mashuka ya zamani. Moja ilitengenezwa kwa umeme wa volti 110. Siku ilipochomekwa kwenye umeme wetu wa volti 240 ilitoa moshi, ikawa ndio mwisho wake. Nyingine ilikuwa nzima isipokuwa mpira mmoja mdogo uliochanika, na mpira huo haukupatikana Kasese wala Kampala. Ya tatu ilikuwa na maandishi ya lugha ambayo hakuna aliyeweza kuisoma. Zote zilikuwa msaada, na zote zilipokelewa kwa picha na hotuba.

Hali hii si ya stoo ile tu. Mwaka 2011 watafiti Perry na Malkin walichapisha kazi iliyokusanya orodha za vifaa vya hospitali katika nchi zenye uwezo mdogo, wakakuta karibu asilimia 40 ya vifaa havifanyi kazi. Hapa Uganda, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 uliwauliza watoa dawa za usingizi nchini kama wana vifaa vya kumlaza mgonjwa kwa usalama. Waliokuwa navyo kwa mtu mzima walikuwa asilimia 23, kwa mtoto asilimia 13, na kwa mama anayefanyiwa upasuaji wa kujifungua asilimia 6. Ukiziweka pamoja habari hizi mbili, unaona kwamba hospitali inaweza kuwa na stoo iliyojaa na wodi iliyo tupu kwa wakati mmoja.

Tuliporudi wodini, sista alituonesha mashine yake ya oksijeni. Ilikuwa moja, na ilikuwa ikifanya kazi. Kisha akatusimulia. Usiku mmoja alikuwa peke yake zamu. Umeme ukakatika, na jenereta ikawashwa kwa ajili ya chumba cha upasuaji tu. Yeye alikuwa ameitwa upande wa pili kumsaidia mama aliyekuwa akijifungua. Taa za wodi hazikuwa zimewashwa tangu mwanzo ili watoto walale, kwa hiyo hakukuwa na kitu cha kumwambia kwamba mashine imenyamaza. Kengele ya mashine ilikuwa imekufa zamani. Mtungi wa akiba wa oksijeni ulikuwepo, umejaa, hatua sita kutoka kitandani. Aliporudi, mtoto mmoja alikuwa amekwisha kwenda kwa Mola wake.

Aliyasema hayo kwa sauti ileile aliyokuwa akihesabia vidonge. Halafu akasema, "Ningejua tu kwamba umekatika."

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Jioni ile tuliifuta programu yetu kwenye simu.

Haja kwanza, kifaa baadaye

Kosa letu lilikuwa kuanza na kifaa, kisha kumtafuta mgonjwa wa kukivaa. Njia sahihi huanza na haja. Na haja huandikwa kwa sentensi moja yenye mambo manne: ni nani mwenye tatizo, yuko katika hali gani, anakosa nini, na akipata kutabadilika nini. Sentensi hiyo haitaji kifaa chochote. Ukishataja kifaa, umeifunga akili yako.

Tuliandika hivi: "Muuguzi aliye peke yake zamu ya usiku katika wodi ya watoto anahitaji kujua ndani ya dakika moja kwamba oksijeni imekatika, ili amhamishie mtoto kwenye mtungi kabla hajadhurika." Tulikesha siku tatu kuiandika sentensi hiyo. Nakuambia kweli, ndiyo kazi bora tuliyofanya mwaka ule.

Mfano mzuri uko karibu nasi. Katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, daktari wa watoto Data Santorino alikuwa akiwafundisha wakunga na wauguzi namna ya kumwamsha mtoto aliyezaliwa bila kupumua, kwa mfuko na maski ya kupulizia hewa. Darasani walifaulu, lakini wakirudi wodini, watoto waliendelea kufa. Jibu la haraka lingekuwa "waongezewe semina." Yeye aliuliza swali jingine: mkunga anapobonyeza ule mfuko, anajuaje kwamba hewa imeingia mapafuni? Maski inaweza kuvuja pembeni. Shingo ya mtoto inaweza kukaa vibaya na njia ya hewa ikaziba. Mkono unaweza kwenda mbio kupita kiasi. Na katika yote hayo, mfuko unabonyea vilevile. Mkunga hana cha kumwambia.

Mwaka 2012 alilipeleka tatizo hilo kwenye mkutano wa wabunifu mjini Boston, akakaa na wahandisi. Wakatengeneza kifaa kidogo kinachokaa kati ya mfuko na maski, kikipima hewa inayopita na kumpa mkunga ishara papo hapo: maski inavuja, njia imeziba, unakwenda mbio, sasa sawa. Kikapewa jina la AIR, na majaribio kwenye midoli ya mafunzo yalionesha kwamba waliopata ishara hizo walifikia upulizaji sahihi mapema zaidi. Angalia kwamba mfuko haukubadilishwa wala mkunga hakulaumiwa. Kilichoongezwa ni ile taarifa aliyokuwa akiikosa.

Tazama pia mama yetu Profesa Sayeba Akhter wa Bangladesh. Wanawake walikuwa wakifa kwa kutokwa damu baada ya kujifungua. Puto la hospitali linalojazwa maji ndani ya kizazi ili kuibana damu lilikuwepo duniani, lakini bei yake haikuwa ya wodi yake. Akachukua mpira wa mkojo, kondomu na maji ya chumvi ya hospitali, akaunda puto lake. Katika kazi aliyochapisha mwaka 2003, wanawake 23 walitibiwa hivyo, na wote damu ilikoma ndani ya dakika 15. Kila kitu alichotumia kilikuwa tayari kwenye kabati la wodi.

Kifaa kimoja, wodi mbili

Sasa nataka tuingie ndani zaidi, kwa sababu hapa ndipo wengi wetu tunapokosea.

Daktari Mohammad Jobayer Chisti, naye wa Bangladesh, usiku wake wa kwanza kama daktari mwanafunzi katika mwaka 1996 aliwaona watoto watatu wakifa kwa homa ya mapafu. Akaweka ahadi ya kutafuta njia. Miaka ilipita. Huko Australia aliona mashine ya kuwasaidia watoto kupumua kwa mapovu, lakini ilikuwa ghali. Kisha siku moja mjini Dhaka akaiona chupa ya shampuu iliyobakiwa na mapovu ndani, akili ikamfunguka.

Kanuni yake ni hii. Mtoto anapewa oksijeni puani. Hewa anayoitoa inapita kwenye mrija ambao ncha yake imezamishwa ndani ya chupa ya maji. Ili itoke, hewa lazima isukume maji, na kadiri mrija ulivyozama ndivyo msukumo unavyozidi. Msukumo huo unarudi mapafuni na kuvizuia vifuko vidogo vya hewa visifunge kila mtoto anapotoa pumzi. Kwa hiyo kipimo cha dawa ni sentimita za maji, na rula ya shule inatosha kukipima.

Majaribio yake yalichapishwa mwaka 2015. Katika kundi la chupa walikufa watoto 3 kati ya 79. Katika kundi la oksijeni ya kawaida walikufa 10 kati ya 67. Alhamdulillah.

Ungedhani kisa kimeishia hapo, na kwamba kila wodi Afrika ipewe chupa. Lakini mwaka 2019 yakachapishwa majaribio ya njia hiyohiyo ya mapovu katika hospitali ya wilaya nchini Malawi, wodi isiyokuwa na daktari wa kuwaangalia watoto hao kila siku, na watoto wenyewe wakiwa wale walio hatarini zaidi. Waliowekewa mapovu walikufa asilimia 17. Waliopewa oksijeni ya kawaida walikufa asilimia 11.

Rudia kusoma hesabu hizo, ndugu yangu. Kanuni ni moja, nia ni moja, na watu wote ni wema. Lakini Dhaka kulikuwa na madaktari waliofunzwa waliowaangalia watoto kwa karibu, na wodi ile ya Malawi haikuwa na watu hao. Kifaa kilekile kimeingia katika maji mengine. Ndiyo maana nilianza na kiwanda cha Katwe.

Hatua za kufuata

Kwa kifupi, anayetaka kuingia katika kazi hii afuate mpangilio huu:

1. *Kaa wodini kabla ya kukaa kwenye kompyuta.* Omba ruhusa, kaa mchana na usiku, na usiwaulize watu wanataka nini tu. Tazama wanachokifanya. Plasta iliyobandikwa kwenye mashine au kitambaa kilichofungwa kwenye kengele ni barua ya muuguzi kwako.

2. *Andika haja kwa sentensi moja,* kisha msomee mwenye haja. Akisema "siyo hivyo," anza upya.

3. *Tafuta waliokutangulia.* Huenda dawa ya tatizo ipo, na kinachokosekana ni kipuri au fundi. Kuitengeneza mashine iliyomo stoo kunaweza kuwa na thawabu kuliko kubuni mpya.

4. *Orodhesha maji yako.* Umeme unakatika mara ngapi? Vumbi, joto, unyevu na panya vikoje? Nani atakisafisha, kwa dawa gani? Betri inanunuliwa wapi? Zamu ya usiku ina watu wangapi?

5. *Tengeneza cha bei ndogo, kijaribu, kikuaibishe.* Jaribu mezani na kwenye mdoli. Kwa mgonjwa, hapana.

6. *Pata idhini.* Hakuna kugusa mgonjwa bila kamati ya maadili ya utafiti na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na baadaye mamlaka zinazosimamia dawa na viwango.

7. *Fikiria mwisho tangu mwanzo.* Nani atakitengeneza kwa wingi, nani atakilipia, nani atakikarabati mwaka wa tano?

Hatua ya sita ina mzizi katika dini yetu. Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba anayejitia utabibu bila kujulikana kwa elimu hiyo anabeba dhamana ya madhara yake, na kanuni ya kutodhuru wala kudhuriana tunaijua sote. Nia njema haimlindi mtu aliyeruka majaribio.

Jihadhari na makofi

Kuna kisa cha kiotamizi kilichoundwa Marekani kwa vipuri vya magari: taa za gari za kutia joto, feni ya gari, betri ya pikipiki. Wazo lilikuwa kwamba kila kijiji kina fundi wa magari. Mwaka 2010 jarida la Time likakiweka katika uvumbuzi 50 bora wa mwaka. Hakikuwahi kuingia kiwandani. Timothy Prestero, aliyeongoza kazi hiyo, baadaye alisimama hadharani akakiri kwamba walibuni kitu cha kuvutia macho, hawakubuni kitu ambacho kiwanda kingekitengeneza na hospitali ingekinunua. Kundi lake likaanza upya, safari hii likiwa pamoja na watengenezaji wa Vietnam, na ndipo ikapatikana taa ya kutibu manjano ya watoto wachanga iliyofika wodini.

Namheshimu kwa kukiri kwake. Sisi tunaijua riya na hatari yake katika sala. Riya ipo katika maabara pia. Mashindano ya ubunifu si mabaya. Brian Gitta, kijana wa Uganda, alishinda Tuzo ya Afrika ya Uhandisi mwaka 2018 kwa kifaa cha kupima malaria bila kutoa damu, na vijana wengi wakatiwa moyo. Lakini tuzo ni mlango tu, na mgonjwa yuko ndani kabisa ya nyumba.

Tulipofikia

Utauliza, na ile kengele yenu? Ya kwanza ilikuwa rahisi: umeme ukikatika, rilei inaachia, betri ndogo inapiga kengele. Tulimwonesha sista mezani. Ilipiga kelele kiasi cha kuamsha wodi nzima. Akasema, "Hii usiku wa pili nitaitoa betri." Tukaishusha sauti, tukaongeza taa nyekundu ya mezani kwake.

Kisha akatufundisha jingine. Mashine ya oksijeni hunyonya hewa ya chumbani na kuichuja ili nitrojeni ibaki nyuma. Chujio likijaa vumbi au unyevu ukiiharibu ile dawa ya kuchujia, mashine inaendelea kunguruma na umeme upo, lakini inachotoa ni hewa karibu ya kawaida. Kengele yetu ingekaa kimya, na muuguzi angeuamini ukimya huo. Kengele inayonyamaza wakati wa hatari ni mbaya kuliko kutokuwa na kengele. Tukarudi kwenye sentensi yetu na kukuta ilikuwa sahihi tangu mwanzo: tuliandika "oksijeni imekatika," hatukuandika "umeme umekatika." Tulikuwa tumeisahau haja yetu wenyewe.

Sasa tunajenga ya tatu, inayopima oksijeni yenyewe, na maombi yetu yako mbele ya kamati ya maadili. Hatujaokoa mtoto yeyote. Nakiri hivyo ili usidhani nakuandikia kutoka juu ya mlima. Lakini Suratul Maida, aya ya 32, imetufundisha uzito wa kuhuisha nafsi moja, na mimi nimewahi kuonyeshwa kitanda cha nafsi moja, na mtungi uliojaa hatua sita kutoka hapo.

Maswali ya kujadili katika halaka

1. Ni fardhi kifaya gani nyingine ambazo jumuiya yetu chuoni imeziacha?
2. Chukua kitu kimoja ulichokiona hospitalini kikikwamisha kazi. Andika haja yake kwa sentensi moja bila kutaja kifaa.
3. Tukitoa sadaka ya kifaa kwa hospitali, tuulize maswali gani kabla ya kukinunua?
4. Wasiosoma sayansi wana nafasi gani katika hatua saba tulizozitaja?

Ewe Mola, tunakuomba elimu yenye manufaa na nia iliyo safi, uwape nguvu wauguzi walio peke yao zamu za usiku, na uwaponye wagonjwa wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.